Jinsi ya Kutumia Dawa ya Injini Bila Kuifungua

Siku moja utaletewa chupa. Ataileta fundi aliyekwisha kufungua boneti, au muuza spea wa Gerezani ama Kirinyaga Road, au kijana mtanashati mwenye meza yake ya maonyesho. Itakuwa chupa ndogo ya kung'aa yenye ahadi kubwa: inapunguza msuguano, inaokoa mafuta, inarudisha nguvu za injini iliyochoka. Ukipiga hesabu ya bei yake kwa lita, utaona imeiacha mbali oili yenyewe.

Mwongozo huu unafundisha namna ya kuitumia chupa hiyo kwa faida yako. Kanuni ni moja: usiifungue. Ikiwa na kizibo chake ina kazi kadhaa za maana. Ikishafunguliwa inabaki na moja tu, ya kumwagwa ndani ya oili ambayo wataalamu walikwisha kuikamilisha kiwandani. Naandika haya kwa sababu najua pesa ya chupa inatoka wapi. Inatoka kwenye hesabu ambayo dereva alipaswa kuipeleka kwa tajiri wake jioni, au kwenye ada ya mtoto. Mwenye gari jipya lenye dhamana ni nadra kuletewa chupa hii. Huletewa yule ambaye gari ndilo linalomlisha, na tayari limeanza kumtia wasiwasi.

Kazi ya kwanza ya chupa ni kusomwa. Usihangaike na upande wa mbele wenye gari la mashindano na miale ya moto. Igeuze. Kisha chukua kopo la oili ya kawaida, uyaweke mawili hayo ubavu kwa ubavu kwenye kaunta. Kopo la oili limeandikwa mambo ya kupimika: uzito wake, kwa mfano 5W-30, na daraja lake, kwa mfano API SP, daraja ambalo Taasisi ya Petroli ya Marekani ilianza kulitoa mwaka 2020. Ili oili ipewe herufi hizo, mchanganyiko wake wote hupitishwa kwenye injini za majaribio. Hupimwa uchakavu, tope, kutu na mengine mengi. Sasa tafuta herufi hizo kwenye chupa. Daraja la API ni la oili nzima iliyochanganywa tayari, kwa hiyo chupa ya nyongeza haina. Ukiimimina, kilichomo kwenye sampu yako si oili iliyopimwa tena. Ni mchanganyiko mpya, na injini ya kuujaribu ni yako.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni kwamba dawa imo ndani ya oili tayari. Katika kopo la oili ya gari dogo, sehemu ya kumi hadi robo hivi ni kemikali za nyongeza. Imo zinki iliyofungamana na fosforasi, inayotumika tangu miaka ya 1940, ambayo hujenga utando mwembamba wa kuzuia chuma kula chuma. Zimo sabuni za kalisiamu au magnesiamu za kusafisha masizi na kuua asidi, kemikali za kushikilia uchafu usitulie chini, na za kuzuia povu. Na katika oili nyingi nyepesi za kisasa imo molibdeni, ile ile inayotangazwa kwenye chupa kana kwamba imegunduliwa jana. Kemikali hizi hugombea nafasi juu ya uso ule ule wa chuma, ndiyo maana kila moja hupimwa kwa kiasi chake. Anayeongeza chupa juu yake ni sawa na anayetia chumvi kwenye pilau la watu bila kuonja.

Fosforasi yenyewe imewekewa kikomo. Viwango vya oili nyepesi za magari ya petroli haviruhusu izidi asilimia 0.08, kwa sababu mvuke wake huharibu kichujio cha moshi kilicho chini ya gari. Wapo mafundi wanaomshawishi mwenye gari akitoe kichujio hicho kiuzwe, lakini hiyo ni habari nyingine, na inaniudhi vilevile. Mwenye kichujio chake kizima, akiongeza chupa ya zinki, anakivuka kikomo hicho kwa mkono wake mwenyewe.

Tuuangalie huo msuguano. Mwaka 1883 mhandisi Mwingereza Beauchamp Tower alikuwa akichunguza beringi za ekseli za treni. Alitoboa tundu juu ya beringi ili aweke kikombe cha kudondoshea oili. Mashine ilipozunguka, oili haikushuka. Ilipanda na kumwagika kupitia tundu lile lile. Akaliziba kwa kizibo laini, kikasukumwa nje. Akapigilia kigingi cha mbao, nacho kikasukumwa nje. Ndipo alipofunga geji ya kupima shinikizo, na mshale ukaenda hadi mwisho. Chuma kilikuwa kimebebwa na oili, kinaelea. Mwaka 1886 Osborne Reynolds alitoa hesabu zinazoeleza jambo hilo, na hesabu hizo ndizo zinazotumiwa hadi leo kusanifu beringi za injini.

Maana yake kwako ni hii. Krankshafti yako, injini ikishashika mzunguko, haigusi beringi. Inaelea juu ya oili kama ekseli ya Tower. Msuguano uliopo hapo ni wa oili yenyewe ikijivuta ndani kwa ndani, na hutegemea uzito wake. Kemikali ya kulainisha uso wa chuma haina la kufanya mahali ambapo chuma hakigusani na chuma. Kazi yake iko kwenye kamshafti inapokandamiza valvu, kwenye ringi za pistoni zinapofika juu na kusimama kabla ya kugeuka, na dakika zile za kuwasha. Ni kazi ya kweli, na ndiyo iliyofanya zinki na molibdeni vitiwe kiwandani.

Pima sasa ile ahadi ya kuokoa mafuta, tuseme asilimia 20. Mwaka 2012 watafiti Kenneth Holmberg, Peter Andersson na Ali Erdemir walichapisha hesabu ya mahali inapokwenda nishati ya petroli ndani ya gari dogo. Katika kila sehemu 100, kama 62 huondoka kama joto kupitia ekzosti na rejeta. Zinazobaki 38 ndizo zinazofanya kazi, na kati ya hizo kama 11.5 humezwa na msuguano wa injini. Ili chupa ikuokolee asilimia 20, yaani moja ya tano ya hizo 38, ingebidi iondoe karibu theluthi mbili ya msuguano wote wa injini, ukiwemo ule wa ndani ya oili ambao haiugusi. Chupa haiwezi.

Marekani, ambako biashara hii ilikua sana, serikali ilikwenda kuzidai ahadi hizo ushahidi. Mwaka 1978 kampuni ya STP ililipa dola 700,000 kumaliza shauri la matangazo yake. Mwaka 1996 Tume ya Biashara ya nchi hiyo, FTC, iliyashtaki makampuni yaliyouza Slick 50, dawa yenye chembe za plastiki ile inayopakwa kwenye kikaango kisigande. Tangazo lilisema injini hukosa kinga inapowashwa. Tume ikajibu kwamba injini nyingi zina kinga ya kutosha zinapowashwa zikiwa na oili inayopendekezwa kwenye kitabu cha gari, na kwamba madai ya kupunguza uchakavu hayakuwa na ushahidi wa kutosha. Shauri lilimalizwa mwaka 1997 kwa makubaliano ya kuwafidia wateja. Dura Lube nao waliingia makubaliano mwaka 2000, ya dola milioni 2.

Shauri linalonikera zaidi ni la zMax, lililofunguliwa mwaka 2001. Tume ilidai kwamba katika kipimo cha maabara ambacho kampuni yenyewe ilikitumia kujisifu, oili iliyotiwa dawa ilizila beringi kwa kutu zaidi ya mara mbili kuliko oili isiyotiwa kitu, na kwamba matokeo hayo hayakuonyeshwa kwa wanunuzi. Mwaka 2003 kampuni ilikubali kutoa dola milioni 1 za fidia. Mnunuzi aliambiwa analinda injini, na maabara ilikuwa imeona kinyume.

Kazi ya pili ya chupa iliyofungwa ni kumpima muuzaji. Kwenye maonyesho utakuta kimashine mezani: mota ndogo inazungusha pete ya chuma, na mkono wa wenzo unakandamiza kipande kingine cha chuma juu yake. Muuzaji anatia oili ya kawaida, anaegemea wenzo, chuma kinalia, mota inakwama. Anatia matone ya dawa, anaegemea tena, mota inazunguka kimya. Watu wanapiga makofi, na kipande kilichochongeka kinapitishwa mkono kwa mkono.

Usigombane naye. Mwombe kwa upole afute pete, kisha atie shampuu ya nywele. Watu wengi wamekwisha kufanya hivyo, na shampuu hufaulu vizuri mno. Kimashine hicho kimetokana na kipimo cha Timken, kilichobuniwa kwa ajili ya grisi na oili za gia, ambako meno ya chuma hukandamizana kwa nguvu nyingi sana. Hakuna mahali ndani ya injini yako panapofanana na wenzo ule. Dawa nyingi zilizong'ara mezani namna hiyo zilikuwa na klorini. Klorini hushinda kimashine kwa urahisi, lakini ndani ya injini, penye joto na unyevu wa moshi, inaweza kugeuka asidi ikaanza kula beringi. Ukiona kwenye maelezo ya nyuma neno parafini yenye klorini, rudisha chupa mezani.

Fundi naye ana kipimo chake. Mazungumzo huwa hivi:

"Bosi, hii injini inataka dawa. Inakula oili."

"Sawa fundi. Chomoa kwanza dipstiki tuione wote."

Angalia atakavyofanya. Fundi mzuri atakuuliza gari limesimama muda gani na kama limesimama sawasawa, atachomoa, atafuta kwa kitambaa safi, atarudisha hadi mwisho, kisha atachomoa tena na kukuonyesha. Hapo mtaona mambo mengi bila kununua kitu. Oili imefika alama ya juu au imeshuka chini ya ile ya pili? Ina rangi ya maziwa, yaani maji ya rejeta yameingia na gasketi ya silinda hedi inashukiwa? Inanuka petroli? Akishaona hayo, atalaza kadibodi chini ya injini usiku mmoja kutafuta pa kuvuja, atachungulia plagi, na ikibidi atapima kompresheni silinda moja moja. Injini inayokula oili ina sababu, na sababu hiyo kwa kawaida ni sili za valvu zilizokakamaa, ringi zilizoganda au kuisha, au mvujo. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotibiwa kwa kupunguza msuguano. Fundi anayeshika chupa kabla ya dipstiki amekwisha kukuambia kiwango chake cha kazi. Mlipe alichofanya, umshukuru, uende kwa mwingine.

Mnunuzi wa gari la mkononi aijue zaidi sura nyingine ya chupa hii. Ipo aina nzito kama asali, ambayo haishughuliki na msuguano bali huifanya oili iwe nzito. Injini iliyochoka ikinyweshwa hiyo hupunguza kelele na moshi kwa siku chache, muda unaomtosha dalali kukuuzia. Kwa hiyo usikubali kuonyeshwa gari lililokwisha kupashwa moto. Fika asubuhi, gusa boneti, hakikisha ni ya baridi, mwombe mwenye gari awashe wewe ukiwa nyuma. Moshi wa bluu ukitoka kwa mkupuo mara injini inapowaka, shuku sili za valvu. Ukiendelea kutoka kila anapokanyaga mafuta, shuku ringi. Fungua kifuniko cha oili, chovya kidole. Oili inayovutika kama ute ulizie ilibadilishwa lini na kwa nini imekuwa nzito hivyo. Kisha mchukue fundi wako, asiyemfahamu dalali, apime kompresheni. Gharama ya kipimo hicho si kitu ukilinganisha na oveholi.

Waendesha bodaboda nawaomba wanisikilize kwa makini, maana kwao chupa hii inadhuru kwa njia ya wazi. Katika pikipiki nyingi zinazobeba abiria kwetu, injini, gia na klachi vinaoga oili moja. Gari la gia za mkono lina klachi kavu iliyojitenga. Yako imelowa. Na klachi hufanya kazi kwa msuguano tu. Sahani zake zisiposhikana, nguvu ya injini haifiki kwenye tairi. Ukimimina dawa ya kuondoa msuguano ndani ya oili hiyo, unailainisha na klachi. Dalili zake utaziona mlimani na abiria wawili nyuma: injini inapiga kelele juu, pikipiki haiendi. Petroli inaungua, sahani zinapata joto na kuisha, na fundi anakuuzia klachi mpya.

Kwa sababu hiyo Wajapani waliweka kiwango maalumu cha oili za pikipiki, JASO, mwaka 1998. Kopo lililoandikwa JASO MA au MA2 lina oili iliyopimwa ikaonekana inaiacha klachi ishike. Lililoandikwa MB ni la skuta ambazo klachi yake haiogi oili hiyo. Basi angalia herufi hizo kabla ya kuangalia bei, na usishawishike kutia oili nyepesi ya gari dogo kwa kuwa rafiki yako mwenye gari anaisifu. Oili nyingi za namna hiyo zina vilainisho ndani yake tayari.

Zipo nyongeza zenye haki yake. Difu ya kujifunga ya baadhi ya magari hudai kilainisho maalumu kwenye oili ya gia, na ikiwa mtengenezaji amekitaja kwenye kitabu cha gari, hicho tia. Mwenye Peugeot 504 ana kamshafti inayosugua moja kwa moja kwenye kikombe bapa, na injini za namna hiyo hupenda zinki zaidi ya inayopatikana kwenye oili nyepesi za leo. Yeye atafute oili iliyokwisha kutengenezwa na zinki ya kutosha, yenye uzito unaotajwa kwenye kitabu chake. Kwa Vitz, IST, Fielder, Premio na ndugu zao, sioni haja. Honda imeandika kwenye vitabu vya magari yake kwamba hayahitaji nyongeza yoyote ya oili, na kwamba nyongeza zinaweza kuharibu utendaji na uimara wa injini.

Kazi ya mwisho ya chupa ni kurudi rafuni, pesa zikabaki mfukoni. Zitumie hivi. Fungua kitabu cha gari, au kifuniko cha oili chenyewe, utafute uzito uliopendekezwa. Magari mengi tuliyoyaagiza Japani yakiwa yametumika yalisanifiwa kwa 0W-20 au 5W-30, na gereji nyingi huyatilia 20W-50, au 40 tupu, kwa hoja kwamba kwetu kuna joto. Hapo ndipo msuguano unapoongezwa kwa mkono, kwa sababu oili nzito hujivuta zaidi kwenye kila beringi na huchelewa kufika juu asubuhi. Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba kutumia uzito uliopendekezwa huboresha matumizi ya mafuta kwa asilimia 1 hadi 2. Kujaza tairi upepo sahihi huongeza kama asilimia 0.6 kwa wastani, na hadi 3 kwa baadhi ya magari. Ni namba ndogo. Ni za kweli, na ya tairi unaipata kwa bei ya upepo.

Badilisha filta kila unapobadilisha oili. Kata umbali kati ya mabadiliko ikiwa kazi yako ni foleni, vumbi na safari fupi fupi. Nunua kwa wakala anayejulikana na anayetoa risiti, kwa kuwa hatari kubwa kwa injini zetu ni oili chafu iliyochujwa na kurudishwa kwenye makopo yenye majina makubwa. Kagua sili ya kizibo, namba ya toleo na alama ya shirika la viwango, TBS au KEBS, na simama hapo hapo fundi anapomimina. Mwambie aandike tarehe, kilomita na uzito wa oili, abandike karatasi ndani ya boneti. Ukimaliza, chukua makopo matupu uyatoboe kwa bisibisi mbele yake, na filta ya zamani nayo uitoboe, ili mwenzako asije kuuziwa oili ya jana ndani ya kopo lako.